UPENDO ULIOTANGULIA
Somo la Noeli

Siku za Majilio zinapoelekea ukingoni, kila nyumba ya Kikristo huwa na shughuli. Kanisani vijana hutengeneza pango, wanakwaya hujifunza nyimbo mpaka usiku, na nyumbani akina mama huhesabu fedha za mchele, za nyama na za nguo za watoto. Hayo yote ni mema, wala hatuyalaumu. Lakini katikati ya shughuli hizo wako Wakristo ambao Noeli huwaletea huzuni. Mmoja husema moyoni mwake: Ndoa yangu haijafungwa Kanisani, niende huko kufanya nini? Mwingine husema: Miaka mingi sijaungama, Mtoto Yesu hana haja nami. Na yule aliyegombana na nduguye kwa ajili ya shamba husema: Waacheni wenye haki washerehekee. Watu hao wote wana wazo moja, ya kuwa upendo wa Mungu ni kama ujira, na wao hawakufanya kazi ya kuupata.

Upande wa pili wako wale waendao Kanisani kwa furaha, nao wana wazo lile lile. Hudhani ya kuwa wao wameupata ujira huo kwa jasho lao, na kwa sababu hiyo huwatazama waliobaki nje kama vibarua wavivu wasiostahili kulipwa. Twataka kuonyesha ya kuwa wazo hilo, liwe la hao wenye huzuni au la hawa wenye kujisifu, halipatani hata kidogo na fumbo la Noeli. Noeli yatufundisha ya kuwa upendo wa Mungu hauji nyuma ya wema wetu. Huutangulia.

Katika jambo hili Kanisa lenyewe ni mwalimu wetu, tena hufundisha kwa njia ya Misa zake. Kwa sikukuu hii liturujia yetu ina Misa nne: Misa ya Mkesha, Misa ya Usiku, Misa ya Alfajiri na Misa ya Mchana. Tatu kati yake ni za kale sana. Baba Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyeliongoza Kanisa tangu mwaka 590 hata 604, aliwaambia waamini wa Roma katika mahubiri ya Noeli ya kuwa siku hiyo hana nafasi ya kusema mengi, kwa maana ampasa kuadhimisha Misa mara tatu. Kila Misa ina Injili yake, na tukizisoma zote kwa utaratibu twaona somo zima la upendo wa Mungu limepangwa mbele yetu hatua kwa hatua.

MISA YA MKESHA: UKOO WENYE MADOA

Injili ya Mkesha ni mwanzo wa kitabu cha Mathayo, yaani orodha ya wazee wa Yesu tangu Abrahamu. Wengi huiona kuwa ya kuchosha, na mara nyingine husomwa kwa ufupi. Lakini sisi Waafrika yafaa tuielewe kuliko wengine, kwa sababu twajua maana ya kuhesabu ukoo. Mzee anapowataja wahenga mbele ya wajukuu, huwataja mashujaa na watu wenye mali. Aliyeuletea ukoo aibu hurukwa kimya kimya.

Mathayo hakufanya hivyo. Kabla ya kufika kwa Bikira Maria awataja wanawake wanne: Tamari, Rahabu, Rutu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Tamari alinyimwa haki yake na mkwewe Yuda, akajifunika uso kama kahaba ili ampatie uzao. Rahabu alikuwa kahaba wa mji wa Yeriko. Rutu alikuwa mgeni, Mmoabu, mjane asiye na kitu, aliyeokota masazo katika mashamba ya Betlehemu. Na mke wa Uria alitwaliwa na mfalme Daudi, ambaye baadaye alifanya hila mumewe auawe vitani. Katika habari hiyo ya mwisho mwenye hatia kubwa ni mfalme mwenyewe, tena ndiye Yesu aliyeitwa Mwana wake.

Je, Mwenyezi Mungu hakuweza kumtafutia Mwanawe ukoo usio na doa? Aliweza. Lakini hakungoja ukoo wa namna hiyo. Aliingia katika jamaa ya wanadamu jinsi ilivyokuwa, pamoja na uzinzi wake, damu yake na machozi yake, wala hakuona haya kuitwa ndugu yao. Yeyote asemaye kwamba nyumba yake ina aibu mno hata Kristo hawezi kuingia, na aisome tena orodha ile pole pole, jina kwa jina.

MISA YA USIKU: MKUBWA AMWENDEA MDOGO

Usiku twasikia habari ya Mtakatifu Luka. Kaisari Augusto atoa amri watu wahesabiwe, Yosefu na Maria wasafiri kutoka Nazareti, na huko Betlehemu Mtoto azaliwa na kulazwa katika hori, kwa kuwa hapakuwa na nafasi kwao mahali pa wageni. Huyo aliyehesabu watu alikaa Roma, wala hakumjua hata mmoja wa maskini wale kwa jina lake. Na Mungu, awajuaye wote kwa majina, akakubali kuhesabiwa kati yao.

Tuangalie ni nani waliopewa habari kwanza. Malaika hakwenda katika nyumba ya kifalme ya Herode, wala hakwenda Hekaluni kwa makuhani, ingawa Yerusalemu si mbali. Toka Betlehemu mtu aweza kufika kwa miguu katika muda wa saa mbili hivi. Alikwenda kwa wachungaji waliokuwa kondeni wakilinda kundi lao usiku. Hawakuwa wamejitayarisha kwa lolote. Hatusikii ya kuwa walikuwa wakisali, wala ya kuwa walikuwa wakifunga, walikuwa kazini. Na alama waliyopewa haikuwa ya kutisha: mtoto mchanga, nguo za kitoto, na hori la kulishia wanyama.

Jina Betlehemu katika Kiebrania maana yake ni Nyumba ya Mkate. Haidhuru tukilifikiri jambo hilo mbele ya pango la parokia yetu. Hori ni mahali pa chakula. Yule ambaye siku moja angesema kuwa yeye ni chakula cha uzima alilazwa, tangu saa ya kwanza ya maisha yake, mahali ambapo wenye njaa huja kula.

Kwa desturi zetu mdogo ndiye amwendeaye mkubwa. Mtoto humwendea baba, mkosaji humwendea mkosewa, tena mara nyingi pamoja na mshenga na zawadi mkononi. Ni desturi ya heshima. Lakini usiku wa Noeli Mkubwa alimwendea mdogo, na Mkosewa akamwendea mkosaji, bila kungoja mshenga. Wanaozuru Kanisa la Kuzaliwa kwa Bwana huko Betlehemu, ambalo lilijengwa kwanza katika siku za Kaisari Konstantino katika karne ya nne, huingia kwa mlango mfupi sana, hata mtu mzima hana budi kuinama. Mahujaji huuita Mlango wa Unyenyekevu. Jina limewafaa, maana hatuwezi kumfikia aliyeshuka tukiwa tumeinua shingo.

MISA YA ALFAJIRI: UPENDO WANGOJA JIBU

Hapa msomaji aweza kutuuliza: Ikiwa Mungu hupenda kabla hatujastahili, basi dhambi si kitu? Kila mtu na akae alivyo?

La hasha. Injili ya Alfajiri ndiyo inayojibu. Wachungaji hawakubaki penye moto wao wakifurahi kwamba wamependwa. Waliondoka kwa haraka, wakaenda, wakaona, wakawasimulia wengine, kisha wakarudi kwenye kazi yao wakimtukuza Mungu. Upendo uliotangulia huwainua watu na kuwaendesha. Asiyetaka kuondoka mahali pake, huyo hajakataliwa na Mungu; bali amekataa mwenyewe kuliona hori.

Kumbukeni habari ya Zakayo, mkuu wa watoza ushuru katika mji ule ule wa Yeriko alikotoka Rahabu. Yesu hakumwambia arudishe mali ya watu kwanza, ndipo atakapoingia nyumbani kwake. Aliingia kwanza. Na baada ya kupokea mgeni huyo Zakayo akasimama, akaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Toba yake ilikuwa tunda la upendo alioupokea; haikuwa bei ya kuununua. Wala toba hiyo haikuwa maneno matupu, kwa maana ilihesabika kwa fedha.

Hilo ndilo fundisho la Mtume Yohane katika waraka wake wa kwanza, ya kuwa upendo haukuanzia kwetu. Papa Benedikto wa 16 aliandika waraka wake wa kwanza kwa Kanisa lote juu ya jambo hilo hilo, akautia tarehe ya sikukuu ya Noeli, 25 Desemba 2005. Humo alieleza ya kuwa Mungu aweza kutuamuru tupende, kwa sababu ametupa kwanza upendo wake. Amri hutuomba kurudisha kile tulichokwisha kupokea.

MISA YA MCHANA: ALIYEKUJA NI NANI?

Mchana Kanisa latuinua mpaka juu kabisa. Injili haimtaji mchungaji wala hori. Yatusomea mwanzo wa kitabu cha Yohane, juu ya Neno aliyekuwa kwa Mungu tangu mwanzo, ambaye ni Mungu, na ambaye alifanyika mwili akakaa kati yetu.

Kwa nini jambo hili ni kubwa hivyo? Katika karne ya nne alitokea padre mmoja wa Aleksandria jina lake Ario. Alifundisha ya kuwa Mwana ni kiumbe, bora kuliko viumbe vingine vyote, lakini kiumbe. Maaskofu wakakutana Nisea mwaka 325 wakalikataa fundisho hilo, wakakiri ya kuwa Mwana ni Mungu kweli, mwenye umungu mmoja na Baba. Mtakatifu Athanasi, aliyehudhuria akiwa shemasi, akawa baadaye askofu wa Aleksandria, alifukuzwa katika jimbo lake mara tano kwa kuitetea imani hiyo. Mwaka 2025 Kanisa lilikumbuka miaka 1700 ya mkutano huo.

Wengine hudhani ulikuwa ugomvi wa wataalamu juu ya maneno. Haikuwa hivyo. Tufikiri juu ya mfalme aliyesikia kwamba kijiji chake kimoja kimeshikwa na ndui. Akimtuma mtumishi wake apeleke dawa, amefanya vema, na wanakijiji watamshukuru. Lakini hatari yote imempata mtumishi. Mfalme amependa kwa mkono wa mwingine. Kama Ario angalikuwa na haki, ndivyo ambavyo Mungu angalikuwa ametupenda: kwa mkono wa mwingine. Imani ya Nisea yasema ya kuwa Mfalme mwenyewe aliingia katika kijiji cha wagonjwa, akalala katika nyumba zao, na mwisho akafa kwa kifo chao. Kwa hiyo katika Misa za siku ya Noeli, tunapokiri katika Nasadiki ya kuwa Mwana alipata mwili na kuwa mwanadamu, sote twapiga magoti. Dominika nyingine twainama tu. Tusipige magoti kwa mazoea. Hapo ndipo penye kiini cha dini yetu.

NENO "MKOMBOZI" KATIKA NCHI YETU

Twamwita Mtoto huyo Mkombozi, na neno hilo lina historia yake katika pwani yetu. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Unguja na kuanza misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, soko la watumwa la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Wamisionari wale walitoa fedha kuwakomboa watumwa, wengi wao wakiwa watoto, wakawapa mahali pa kukaa katika kijiji cha Wakristo karibu na misioni. Kazi ile ilifanywa na wanadamu, nayo ilikuwa na kasoro zake kama kazi zote za wanadamu. Lakini kwa hao watu neno kukombolewa halikuwa neno la katekisimu tu. Walijua uzito wa mnyororo, na walijua siku ulipofunguliwa.

Mtoto aliyesimama sokoni hakuwa na chochote cha kulipa. Hakukombolewa kwa sababu aliimba vizuri au aliijua sala. Hata lugha ya yule aliyemkomboa hakuielewa. Bei ililipwa kwanza, na maisha mapya yakafuata. Ndivyo tulivyo sisi sote mbele ya hori la Betlehemu, ila tofauti ni moja: wanadamu walikomboa kwa fedha, na Mungu alitukomboa kwa nafsi yake.

YATUPASAYO

Tukilielewa somo hili, hatuna budi kutenda. Nasi twapenda kusema na makundi matatu ya wasomaji wetu.

Kwanza, kwenu mnaojiona hamstahili. Njoni. Kama kuna kizuizi kisichowaruhusu kupokea Komunyo Takatifu, kizuizi hicho hakikuwekwa katika mlango wa Kanisa, wala hakiwazuii kusali, kusikiliza Neno la Mungu na kupiga magoti mbele ya pango. Nendeni kwa Paroko wenu mkamweleze habari yenu. Huenda jambo mliloliogopa kwa miaka mingi lina njia ya kutengenezwa. Na wewe ambaye hujaungama siku nyingi, usingoje mpaka uwe mtu mwema ndipo uende kwenye Kitubio. Mgonjwa hangoji kupona ndipo aende hospitali.

Pili, kwenu wenye ugomvi. Yuko baba aliyemfukuza binti yake kwa sababu alizaa nyumbani, na sasa mjukuu ana miaka miwili wala hajawahi kubebwa na babu yake. Wako ndugu wawili ambao hawasalimiani, ingawa kila Jumapili hupanga mstari mmoja kwenda kupokea Ekaristi. Kila mmoja asema: Na aanze yeye, maana yeye ndiye aliyekosa. Ndugu zetu, kama Mungu angalisema hivyo, pasingalikuwa na Noeli. Anayengoja kuombwa msamaha ndipo apende, bado hajafika Betlehemu. Kusamehe si kuitupa haki. Mipaka ya shamba yaweza kupimwa na baraza likaamua kwa uadilifu. Lakini salamu haihitaji hukumu ya baraza. Mkubwa na amwendee mdogo, kama alivyofanya Mungu.

Tatu, kwenu mliojaliwa mali, na kwetu sote, kwa maana hakuna asiye na cha kumpa mwenzake. Mungu hakutupa masazo yake. Mtakatifu Yeronimo, mtafsiri mkuu wa Maandiko, alikaa Betlehemu tangu mwaka 386. Roma ilipotekwa na kuporwa mwaka 410, wakimbizi wengi walifika mpaka huko, na kati yao walikuwamo waliokuwa matajiri ambao sasa waliomba mkate. Yeronimo alikuwa akiandika maelezo juu ya nabii Ezekieli. Akaiweka kazi hiyo kando kwa muda ili awahudumie, akaona ya kuwa wakati ule ilimpasa kuyatenda Maandiko kuliko kuyaandika. Nasi tunapopanga bajeti ya sikukuu, fungu la mjane, la yatima na la mgonjwa asiye na wa kumtembelea litengwe kwanza, kabla ya soda na mapambo. Kinachobaki mezani baada ya shibe yetu chaweza kumshibisha maskini, lakini hakimwambii kwamba amependwa.

Usiku ule watu wa Betlehemu walilala. Mlango mmoja baada ya mwingine ulifungwa, na waliofunga hawakujua ni nani aliyekuwa nje. Sisi twajua. Twajua ya kuwa hubisha hata leo, mara nyingine kwa mkono wa binti aliyefukuzwa, mara nyingine kwa mkono wa ndugu tusiyesalimiana naye, na mara nyingine ndani ya dhamiri yetu wenyewe, tulipokuwa tumeamua kwamba sisi si wa kupendwa tena. Upendo wake umekwisha kufika mlangoni. Kazi iliyobaki ni kufungua.

Wasomaji wetu wote, wa mijini na wa vijijini, walio wazima na walio wagonjwa, walio karibu na walio mbali na nyumba zao, twawatakieni Noeli yenye amani na heri.